Ukuta wa Jikoni

Saa moja kasoro asubuhi, barafu bado ipo kwenye vioo vya magari,
polisi wa mtaa amegonga kwangu badala ya kwao.
Kijana mpole. Amefuta viatu.
Ana daftari, na swali analolisoma kimoyomoyo kabla ya kulitamka:
"Bi Ghislaine, hawa jirani zako,
wanaishi kama mke na mume?"

Nimemmiminia kahawa nipate nafasi ya kufikiri.
Kama.

Najua vitu. Hapa Seraing kuta ni nyembamba,
jengo lilijengwa na kampuni ya chuma kwa watu waliorudi wamechoka
hata masikio hayakuwafaa kitu.
Najua Zurab hukohoa mara tatu kabla ya kuvaa buti.
Najua Maryvonne amemzidi miaka kumi na mitatu,
na karani wa manispaa ameupigia mstari umri wake
kana kwamba ni kosa la tahajia.
Jumapili wamegombana kwa ajili ya dirisha:
mmoja hulifungua, mwingine hulifunga,
na bili ya gesi inakuja kwa majina mawili.

Najua mengine pia. Fabrice wa ghorofa ya tatu
aliuza jina lake kwa yuro elfu nane.
Bibi harusi tulimwona mara moja, kwenye ngazi,
ameshika maua ambayo kibandiko cha bei hakijatolewa.
Fabrice akanunua pikipiki. Pikipiki ikaibwa.
Njia ya mwongo ni fupi, wasema;
yake ilikuwa na ngazi arobaini na mbili,
akizipanda kila jioni anapiga mluzi,
na hakuna aliyekuja kwangu kumuulizia.

Kwa hiyo sisemi waongo hawapo.

"Nguo zao huanikwa pamoja?" anauliza kijana.
"Miswaki je, umewahi kuiona?"

Mwanangu, mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Kampuni ilitoa nyumba kwa waliooa tu;
makapera walilala bwenini, kitanda kimoja zamu mbili,
shuka halipoi.
Lucien alikuja kwa baba, kofia mkononi,
akasema anataka nyumba yenye bomba.
Hivyo hivyo. Bomba.
Nami nilitaka kutoka chumba cha dada wanne.
Alhamisi tukafunga ndoa, Ijumaa tukapewa ufunguo
wa mlango huu uliougonga.
Kasisi hakuuliza nalala upande gani.
Meya alitaka sahihi, akatazama saa.
Nilimpenda mwaka wa tatu, au wa nne,
alikuwa akimenya viazi, vibaya,
maganda manene kama ngozi ya kiatu,
na sikuwa na mtu wa kuniandikia tarehe.

Miaka arobaini na sita. Rangi ya mswaki wake
siikumbuki.

Haya yote sijamwambia. Nimemsogezea sukari.

Na hili ndilo lililonikaa kooni:
usiku wa jana nimewasikia wakikariri.
"Mama yangu anaitwa nani?" "Nanuli."
"Nilivaa nini siku tuliyokutana?" Kimya.
"Koti la kijani, Zurab. La kijani!"
"Lilikuwa la buluu," akasema yeye, taratibu,
"nakumbuka, kifungo kimoja kilikuwa hakipo."
Maryvonne akanyamaza muda mrefu,
kisha akasema: "Wewe sema kijani,
maana nimeshaandika kijani."

Nikiyatoa haya mezani, wamekwisha.
Nikiyameza, je, nami nimeghushi?

Kijana ametazama saa, kama meya yule.
"Umesikia chochote, Bi Ghislaine?
Chochote cha kuniwezesha kuandika?"

Wanagombania dirisha, nimesema.

"Hilo tu?"

Kila siku. Andika: kila siku.